Canon R7 au R8 ukumbini: bei moja, sensa mbili

Kisa chenyewe ni hiki. Mpigapicha wa harusi jijini Dar es Salaam anafanya kazi na Canon 80D, kamera ya mwaka 2016 yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya megapikseli 24.2, ya ukubwa mdogo uitwao APS-C. Lenzi anazo tatu: EF-S 18-135 iliyokuja na kamera, EF 50 f/1.8 na EF 85 f/1.8. Picha za saluni, kanisani na ufukweni hazina malalamiko. Taabu inaanza jioni, watu wakishaingia ukumbini: nyuso zinatoka na giza, akizing'arisha kwenye kompyuta zinajaa chenga, punje zinazochafua picha, na kitu pekee kinachoonekana safi ni gauni jeupe la bibi harusi. Amekusanya dola 2,100 hivi, ameamua kuhamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na kila anayemwomba ushauri anamjibu neno lilelile: nunua fulu fremu, yaani kamera yenye sensa kubwa.

Zilizobaki mezani ni mbili, zote za Canon, zote zinapokea lenzi za RF, aina mpya ya Canon baada ya EF. EOS R7 ilitangazwa Mei 2022: sensa ya APS-C, milimita 22.3 kwa 14.8, megapikseli 32.5. EOS R8 ikafuata Februari 2023: fulu fremu, milimita 36 kwa 24, megapikseli 24.2. Zilipotoka, Marekani ziliuzwa kwa bei moja, dola 1,499 bila lenzi. Bei haiwezi kumwamulia, kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo iamue.

Kwanza isomwe picha iliyoharibika

Kabla ya kulinganisha kamera, fungua picha mbovu usome namba zake. Picha ya kawaida ya ukumbini katika kisa hiki inasema: 70 mm (lenzi imevutwa kiasi gani), f/5 (tundu la lenzi; namba ikipungua, tundu linapanuka), 1/60 (shata, sehemu ya sekunde inayobaki wazi), ISO 3200 (wepesi wa kuhisi mwanga), JPEG (faili iliyokwisha kuchakatwa na kubanwa na kamera). Hiyo f/5 hakuichagua mpigapicha. Ndiyo mwisho wa uwezo wa 18-135 ikishavutwa hadi 70 mm. Tundu haliwezi kufunguka zaidi ya hapo.

Ukumbi wa usiku, taa kubwa zikishazimwa na kubaki za jukwaani na za mapambo, mara nyingi unadai kitu kama f/2.8, 1/125, ISO 6400 ili uso upate mwanga wake. Tupige hesabu kwa stopu, na stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Kutoka f/2.8 hadi f/5 zimepotea stopu moja na theluthi mbili. Shata ya 1/60 badala ya 1/125 imerudisha stopu moja, na ISO 3200 badala ya 6400 ikaichukua tena. Kwa hiyo picha imepigwa ikiwa na upungufu wa stopu moja na theluthi mbili. Akiipandisha kwenye kompyuta, chenga zinazotokea ni sawa na za ISO 10000, na tena anaipandisha JPEG, ambayo sehemu zake za giza kamera ilishazibana na kuzipunguzia taarifa.

Ngozi nyeusi ndiyo inayoumizwa zaidi na kosa hili, na jambo hili linastahili kusemwa waziwazi kwa sababu maelezo mengi ya kamera yameandikwa kwa mifano ya ngozi nyeupe. Chenga hukaa kwenye giza la picha. Uso mweusi ukipigwa pungufu unashuka moja kwa moja kwenye eneo hilo, wakati gauni jeupe linabaki juu, safi. Mita ya kamera nayo inachangia: gauni likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga ni mwingi na inapunguza. Dawa haina gharama. Bibi harusi akiwa amechukua nusu ya fremu, pandisha fidia ya mwangaza kwa +2/3 hadi +1, washa onyo la weupe uliopitiliza, na upige RAW, faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Weupe ukianza kumeta kwenye sehemu ndogo tu ya gauni, mara nyingi RAW itaurudisha. Ukimeta gauni zima, umezidisha.

Hadi hapa kuna makosa matatu: tundu dogo la lenzi, kipimo kilichodanganywa na gauni, na JPEG. Sensa bado haijatajwa.

Sensa kubwa inaleta kiasi gani

Eneo la sensa ya R8 ni milimita za mraba 864, la R7 ni 330. Uwiano ni mara 2.6, yaani stopu moja na theluthi moja. Kwa tundu lilelile na shata ileile, picha ya R7 kwenye ISO 6400 itakuwa na chenga kama za R8 kwenye ISO 16000. Tofauti hiyo ni ya kweli na inaonekana kwenye picha kubwa. Megapikseli nyingi za R7 hazibadilishi hesabu sana ukitazama picha nzima kwa ukubwa mmoja, ingawa ukikuza mpaka pikseli kwa pikseli R7 itakutisha kuliko inavyostahili.

Sasa weka lenzi kwenye mizani hiyohiyo. Kutoka f/5 kwenda f/2.8 ni stopu moja na theluthi mbili, zaidi ya zawadi yote ya sensa kubwa. Kutoka f/5 kwenda f/1.8 ni stopu tatu kasoro kidogo, na f/1.8 tayari anazo mbili ndani ya begi. Hazitumii ukumbini kwa sababu kwenye APS-C lenzi ya 50 inaona kama 80 ingeonavyo kwenye fulu fremu, na ya 85 inaona kama 136. Watu wakibanana mbele ya jukwaa hana pa kurudi nyuma.

Hapo ndipo ushauri wa «nunua fulu fremu» unapomwingiza mtu shimoni. R8 huuzwa pia na lenzi ya RF 24-50 f/4.5-6.3, nyepesi na ya bei ndogo. Ivute hadi 50 mm na tundu linafungwa f/6.3. Ukumbi uleule uliotaka f/2.8 na ISO 6400 kwa 1/125 sasa unataka ISO 32000. Chenga za R8 kwenye ISO 32000 ni sawa na za R7 kwenye ISO 12500. Mwenye R7 na lenzi ya f/2.8 amesimama pembeni yake akipiga ISO 6400, na picha yake ni safi zaidi kwa stopu nzima, kwa kamera ya sensa ndogo.

Kwa hiyo kinacholinganishwa hapa ni sensa na lenzi kwa pamoja. Jozi zinazopambana kwa haki ni hizi:

R7 na Sigma 18-50 f/2.8. Canon ilipoanza mwaka 2024 kuruhusu Sigma na Tamron kutengeneza lenzi za RF zenye fokasi ya kujiendesha, mlango ulifunguliwa kwa lenzi za APS-C, na hii ilikuwa ya kwanza kwa Sigma. Ina gramu 300, na ilitoka kwa takribani dola 600. Inaona kama 29-80 kwenye fulu fremu. Pamoja na kamera yenye betri na kadi ni gramu 912, na jumla, kwa bei za kutoka, ni dola 2,100.

R8 na Canon RF 28-70 f/2.8 IS STM ya mwaka 2024. Gramu 495, dola 1,099 ilipotoka. Jumla gramu 956, dola 2,600. Jozi hii inaishinda ya kwanza kwa stopu ile moja na theluthi, bila ubishi. Uzito ni karibu sawa, na tofauti ya bei ni dola 500.

Ipo njia ya tatu ndani ya bajeti: R8, lenzi ya RF 35 f/1.8, na adapta ya EF ili 50 na 85 za zamani ziendelee kufanya kazi. Kwa mwanga ndiyo kali kuliko zote. Ile 18-135 yake lakini ni ya EF-S, iliyotengenezwa kwa sensa ya APS-C. Ukiifunga kwenye R8, kamera inakata picha hadi megapikseli 9 na kidogo. Kwenye R7 inatumika kama kawaida.

Pale tofauti inapofutika

Baada ya kutoa zawadi huja picha za ukoo. Upande wa bwana harusi, watu ishirini, safu tatu: wazee wamekaa, wengine wamesimama, vijana nyuma juu ya ngazi. Hapo f/2.8 ya fulu fremu haitumiki, kwa sababu safu ya nyuma itafifia. Inabidi kubana hadi f/5.6. R7 inapata kina kilekile cha ukali kwa f/3.5. Kwa shata moja, R8 inahitaji ISO 6400 pale R7 inapohitaji ISO 2500, na chenga zinakuwa sawa kabisa. Faida ya sensa kubwa unaipata pale tu unapokubali sehemu ndogo iliyo kali.

Kukata keki kunaonyesha upande wa pili. R8 yenye 85 f/1.8, umbali wa mita 3, ina sehemu kali ya sentimita 13 hivi, kutoka mbele hadi nyuma. R7 yenye 50 f/1.8 kwa umbali uleule na mkato unaokaribiana ina kama sentimita 25. Bibi harusi akinyoosha mkono kumlisha mwenzake huku umesimama kwa mshazari, macho ya mmoja yanaweza kuwa nyuma ya macho ya mwingine kwa sentimita 30. Kwa R8 utapata uso mmoja wenye uhai na mwingine wa ukungu, na kamera itachagua jicho lililo karibu, ambalo huenda si la bibi harusi. Sogea ubavuni ili nyuso zote mbili ziwe umbali mmoja kutoka kwako, bana hadi f/2.8 au f/3.2, ndipo ufyatue.

Mandhari iliyofifia laini, ile inayouzwa sana kwenye matangazo, R8 inaitoa kwa urahisi zaidi. Tahadhari ni moja. R8 haina shata kamili ya chuma: pazia la kwanza ni la kielektroniki daima, na kasi yake inaishia 1/4000. Ufukweni mchana, f/1.8 na kasi za juu kabisa, duara za mwanga zilizofifia nyuma huweza kukatwa upande mmoja. Tumia kichujio cha giza au bana tundu kidogo. R7 ina shata kamili inayofika 1/8000.

Mambo ya harusi ambayo sensa haiyajui

R7 ina nafasi mbili za kadi. R8 ina moja. Kwa mtu anayepiga ndege au mandhari, hili ni jambo dogo. Kwa harusi ni zito kuliko stopu yoyote, maana ndoa haifungwi mara ya pili ili picha zirudiwe. Kwenye R7 weka kila picha iandikwe kwenye kadi zote mbili kwa wakati mmoja, kwa mfumo wa RAW iliyobanwa ili nafasi itoshe. Anayelazimika kutumia R8 agawanye hatari: kadi za GB 32 badala ya moja ya GB 256, abadilishe baada ya kanisani, baada ya picha za bustanini na baada ya keki, na wakati wa chakula azihamishie kwenye kompyuta. Kadi iliyotoka haifutwi mpaka nakala mbili ziwepo.

Betri nayo. R7 inatumia LP-E6NH ya mAh 2130, R8 inatumia LP-E17 ya mAh 1040. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera, ukitumia kioo cha nyuma R7 inapewa picha 660 na R8 picha 290. Ukichungulia kwenye kitazamio, 380 kwa 150. Kwenye mifululizo ya harusi idadi halisi hupanda juu ya hapo, ila uwiano haubadiliki. Siku nzima ya R8 ni betri nne, ya R7 ni mbili. Zote huchajiwa kwa USB-C, lakini zinataka chaja au pawabenki yenye PD, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa. Pawabenki ya kawaida ya simu haitazichaji. Katika kisa hiki kuna jingine: betri za LP-E6N za 80D zinaingia kwenye R7. Betri za akiba tayari zipo.

R7 ina kituliza mtikisiko ndani ya mwili wa kamera, R8 haina na inategemea kilichomo kwenye lenzi. EF 50 na EF 85 hazina. Lakini kituliza mtikisiko hutuliza mikono yako tu. Mama wa bwana harusi akija kutunza huku anacheza, bado unahitaji 1/200. Faida yake inaonekana kwenye mapambo, pete, ukumbi mtupu kabla wageni hawajaingia, na zaidi ya yote kwenye video ya mkononi.

Kwa video ya 4K ya fremu 50 kwa sekunde, R8 ni bora waziwazi: inasoma sensa nzima na kuipunguza kwa usafi, wakati R7 kwa kasi hiyo inaruka baadhi ya mistari na gizani inaonekana. Kwa fremu 25, R7 ina chaguo la ubora linalosoma sensa yote, na ndilo la kutumia kwenye hotuba na nasaha.

Taa, shata na flashi

Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya 1/100 au 1/50 inabeba mpepeso mzima na picha hutoka sawa. Ukitumia shata ya kielektroniki, ile ya kimya, chini ya taa za LED unaweza kupata milia ya kulala. R7 inaathirika zaidi, kwa kuwa sensa yake husomwa kwa takribani sehemu ya 30 ya sekunde, na ya R8 karibu mara mbili haraka zaidi. Mkono unaopunga haraka unapinda kwenye R7.

Kuna mtego unaowapata wengi usiku. Kanisani mtu anaweka shata ya kielektroniki ili asisumbue ibada. Anaingia ukumbini, anafunga flashi, flashi hailii. Anabadilisha betri za flashi, anasafisha miguu yake, anaomba ya mwenzake, bado. Kwenye kamera hizi zote mbili, shata ya kielektroniki inazima flashi. Rudisha shata ya pazia la kwanza la kielektroniki na flashi itawaka. Kasi ya mwisho ya kulingana na flashi kwa shata hiyo ni 1/200 kwenye R8. Kwenye R7 ukibaki 1/250 uko salama.

Flashi ya kudundisha darini ndiyo njia ya bei rahisi ya kuzisogeza kamera hizi mbili karibu: kwa f/4 na ISO 1600, tofauti ya sensa inabaki ya kutafutwa kwa kukuza picha. Tatizo ni dari zenyewe. Ukumbi mwingi wa harusi hufunikwa vitambaa, na kitambaa cha zambarau kinarudisha mwanga wa zambarau usoni. Hakuna mpangilio wa rangi utakaorekebisha uso wa zambarau huku gauni likiwa limeguswa na taa nyingine ya buluu. Weka flashi kwenye stendi, mita 3 au 4 kutoka jukwaani, ndani ya mwavuli mweupe, urefu wa juu ya kichwa cha mtu mrefu, iongozwe kwa redio. Ianze 1/16 ya nguvu, uipandishe mpaka mwanga wake uushinde wa rangi kwenye uso, na rangi zibaki nyuma kama pambo. Taa za jukwaa za zambarau huipa sensa nyekundu na buluu tu. Kijani inakaa na njaa na kutoa chenga hata kwenye fulu fremu.

Uamuzi wa kisa hiki

Kwa dola 2,100, mtu mmoja, harusi za ukumbini: R7 na Sigma 18-50 f/2.8. Kadi mbili, betri anazo, lenzi zote za zamani zinaingia kwa adapta bila kukatwa, na kutoka f/5 hadi f/2.8 anapata mwanga ambao ndio hasa uliokosekana. Picha ya ukutani ya inchi 20 kwa 30 ikichapwa kwa nukta 200 kwa inchi inahitaji pikseli 4000 kwa 6000. R7 ina 4640 kwa 6960, hivyo kuna nafasi ya kukata ukingo. R8 ina 4000 kwa 6000 kamili.

Uamuzi ungegeuka kwa mambo mawili. La kwanza, bajeti ikifika dola 2,600 na kuna mpigapicha wa pili anayerekodi matukio yaleyale kwa kamera nyingine: hapo R8 na 28-70 f/2.8, kwa kuwa hatari ya kadi moja imegawanywa kati ya watu wawili. La pili, kama kazi kubwa ni ibada za usiku kusikoruhusiwa flashi, basi R8 na lenzi za f/1.8, hata akiwa peke yake, kwa nidhamu ya kadi iliyoelezwa. R8 na 24-50 ya f/6.3 isinunuliwe kwa kazi ya ukumbini kwa sababu yoyote.

80D isiuzwe. Ifungwe 85 f/1.8 na itundikwe begani: kwa 1/125 na f/1.8, ukumbi ule uliotaka ISO 6400 kwa f/2.8 sasa unataka 2500, na kamera hiyo ya 2016 inaimudu vizuri. Asubuhi ya kazi, kabla ya kutoka nyumbani, saa za kamera zote mbili zilinganishwe kwa sekunde. Zikipishana kwa dakika kumi, picha zikipangwa kwa muda keki itaonekana imekatwa kabla maharusi hawajaingia ukumbini, na kuzipanga upya moja moja ni usiku mzima wa kazi.